Nilivyompeleka Mama Mkwe Kuona Maporomoko ya Rusumo

Jamani, nichekeni tu, nimestahili. Mama mkwe alitutembelea kutoka Shinyanga kwenye tambarare, nikajitolea kumpeleka kwa gari kuona maporomoko ya Rusumo. Tangu tuiache Lusahunga, kila kilima kwake kilikuwa kituo.

"Baba, simamisha, tupande tuone."

Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena. Tulipoingia Ngara uvumilivu ukaniisha. "Mama, vilima vyote ni sawa!"

Akageukia dirishani, akakitazama kilima kingine. Nikashuka peke yangu, nikaingia kichakani kujisaidia. Niliporudi garini, nikaona kajifunika kitenge kiti cha nyuma. Amenuna, nikajisemea, nikaondoa gari. Njia nzima nilimwomba radhi, naye kimya. Mwishowe na mimi nikanuna.

Rusumo nikafungua mlango wa nyuma. "Mama, shuka basi." Nikavuta kitenge. Ulikuwa mkungu wa ndizi tulionunua njiani.

Kabla sijageuza gari, lori likasimama kando yangu. Dereva akachungulia dirishani, akamuuliza abiria wake, "Mama, ndiye huyu aliyekuacha?"

"Ndiye," akajibu mama mkwe, akiteremka taratibu. "Na ndiye niliyempa binti yangu."