Bibi Hakujifunika

Kwa nini bibi yangu hakujifunika kichwa mbele ya fundi wa magari?

Nilikaa na swali hilo karibu mwaka mzima. Bibi alikuwa mtu wa kuvuta ushungi hata akisikia tu sauti ya muuza gesi nje ya geti. Binamu za baba wa upande wa babu, watu wazima wenye mvi, walikuwa wakikohoa mlangoni kabla ya kuingia ili apate kujistiri. Kisha siku moja nikarudi kutoka chuoni, nyumbani kwetu Al Khoudh, nikamkuta sebuleni na mwanamume wa makamo mwenye grisi kwenye kucha. Ushungi umelala mabegani. Nywele zake nyeupe, ambazo mimi ndiye niliyezipaka mafuta ya nazi na kuzisuka, zilikuwa wazi mbele ya mgeni, na wote wawili walikuwa wanacheka.

"Mjukuu wangu huyo," bibi akamwambia. "Msomi. Kila kitu kwake kina kwa nini."

"Mashallah, shangazi. Basi atatuuliza na sisi."

Shangazi! Nilimwona hodari wa kujipendekeza. Baba alikuwa amemleta kutoka karakana ya Wadi Kabir atengeneze kiyoyozi cha gari. Bibi alisikia Kiswahili chake dirishani, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mimi sikuwepo alipojibu. Nilichokijua ni kwamba kuanzia hapo alikuja kila Ijumaa baada ya swala, na gari lilikwishapona zamani.

Muhula ule nilikuwa nasoma somo la vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tulifika kwenye vile vita vya Wamarekani, kusini na kaskazini, na mhadhiri akatuuliza vilipiganwa kwa ajili ya nini. Wenzangu walitaja ushuru, madaraka ya majimbo, heshima. Nilinyoosha mkono nikasema ni utumwa, na hayo mengine yote yamesimama juu yake. Mhadhiri alitabasamu. Akasema walioshindwa walipokuja kusimulia, walitaja kila sababu isipokuwa hiyo. Halafu akatupa kazi: nendeni kwa mzee mmoja wa nyumbani kwenu aliyeishi ndani ya vita au machafuko, mmuulize sababu, na msikilize asichokitaja.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshamaliza. Mzee ninaye, tena nalala naye chumba kimoja tangu utoto.

"Bibi, Mapinduzi ya Unguja yalitokea kwa nini?"

"Husda."

"Husda tu?"

"Nshakwambia. Watu wakitazama majumba, wakitazama mikarafuu, roho zikiwauma."

"Na utumwa je?"

"Utumwa wapi, mamaa? Utumwa ulikwisha hata mamangu hajaolewa. Sisi tulikuwa na watu wa nyumbani tu. Wakila tunachokula."

Akarudi kwenye tasbihi yake. Nikazima simu niliyokuwa nikirekodia.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa jikoni nakata mkate wa kumimina, na kupitia mlango nikamsikia akimhadithia fundi. Kisima cha uani. Karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi hadi nguo za nyumba nzima zikanukia. Paka aliyekuwa akilala juu ya cherehani. Asubuhi waliyoondoka Unguja kuja huku, na jinsi alivyovaa baibui mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kubeba mzigo. Hayo yote nilikuwa sijawahi kuyasikia. Mimi niliyempa dawa zake asubuhi na jioni nilipewa neno moja. Huyu aliyekuja na bisibisi mfukoni alipewa nyumba nzima na paka wake. Nilipochungulia, nikamwona bibi anammegea mkate kwa mkono wake.

"Kula, mwanangu."

Mwanangu lilikuwa neno langu mimi.

Sikuwahi kumwonea mtu wivu namna ile, hata wasichana wenzangu waliochumbiwa mapema. Nilisimama pale jikoni nikiuchunguza wivu wangu kama mtu anayegusagusa jino bovu kwa ulimi. Haukuzuka hewani. Kitu nilichokihesabu kuwa changu kilikuwa kinapewa mwingine mbele ya macho yangu. Basi na watu wa Unguja, kama kweli ilikuwa husda, ni kitu gani walichokihesabu kuwa chao? Mtu hawi na donge la moyo juu ya kitu kisichomhusu.

Nikapeleka kahawa, nikauliza kabla sijakaa.

"Mjomba, wakati wa Mapinduzi, kwenu mlikuwa upande gani?"

Bibi aliacha kutafuna. Fundi alizungusha finjani mkononi.

"Mimi nilikuwa sijazaliwa," alisema. "Baba yangu alikuwa na panga."

"Wapi?"

"Unguja mjini. Alifika mpaka mlangoni pa kina shangazi."

"Halafu?"

"Halafu muulize mwenyewe, si huyo hapo."

Nilimgeukia bibi. Nilitegemea sasa atauvuta ule ushungi. Hakuugusa.

"Mmiminie kahawa," alisema. "Finjani yake tupu."

"Bibi, mtu huyu babake alikuja na…"

"Mmiminie, nimekwambia."

Nikamimina, nikamwaga nyingine kwenye sinia.

"Wewe khasa unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka unieleze mimi."

"We hutaki kuelezwa. We unataka kuandika."

Fundi akacheka, kisha akajutia kucheka kwake. Nilibeba sinia nikaondoka. Kazi ya chuo niliiandika bila bibi, kwa vitabu tu, na mhadhiri aliisifu. Nilipoisoma tena niliona haina mtu hata mmoja ndani yake.

Bibi alifariki kabla joto la mwaka uliofuata halijaisha. Wanawake tulibaki nyumbani, wanaume wakaenda makaburini. Kaka yangu alirudi na vumbi kwenye kanzu, akanivuta pembeni.

"Fundi kaingia kaburini."

"Nani?"

"Fundi wa Wadi Kabir. Yeye na baba na ami. Watu wakaanza kunong'ona, ami akawaambia nyamazeni, huyu mahram wake. Babake na bibi wamenyonya ziwa moja."

Hilo ndilo lililokuwa jibu. Mama mmoja amewanyonyesha wawili, kwa hiyo kwa sheria ya dini ni ndugu, na mtoto wa ndugu yako hujifuniki mbele yake. Shangazi aliyokuwa akiitamka ilikuwa shangazi kweli. Ilinipasa nimlilie bibi, na nilimlilia baadaye, lakini pale kwenye ukuta wa uani nilichokifikiria ni mikono ya fundi ikimlaza ubavu wa kulia. Hata hilo alipata yeye.

Siku za matanga nikapata na kipande kilichobaki, kutoka kwa dada yake mkubwa bibi. Yule mwenye panga alipofika mlangoni, aliwaambia wenzake, "Humu yumo mama yangu," nao wakapita. Mama yake alikuwa yaya aliyemnyonyesha bibi, na alikuwa bado ndani ya nyumba ile, amezaliwa humo na wazazi walionunuliwa. Niliipenda hadithi hiyo. Niliipenda kiasi cha kuanza kuitilia shaka, maana ilikuwa imekaa vizuri mno kwa upande wetu: maziwa yametuokoa, hakuna mwenye deni.

Ikapita miaka. Dada yangu alijifungua, nikampeleka yeye na mtoto kwa yule dada yake bibi, tuliyemwita bibi mkubwa, nyumbani kwake Madinat Sultan Qaboos, akamwombee dua. Mtoto alilia njaa, dada akamweka kifuani, na yule bibi akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Huyu kamrithi bibi yake. Marehemu alikuwa mlafi! Mama hakuwa na maziwa, yule yaya naye kajifungua karibuni tu, basi akaitwa."

"Akawanyonyesha wote wawili pamoja?"

"Pamoja vipi?" Alinitazama kama niliyeuliza kitu cha kitoto. "Maziwa yalikuwa ya marehemu. Yule mwanawe akiwekwa chumba cha uani, mlango umefungwa, ili mamake asimsikie akilia. Marehemu akisha kushiba, akilala, ndiyo mwenziwe hupelekewa kilichobaki. Siku nyingine hakibaki. Nnakumbuka vizuri, mimi ndiye nikimkorogea uji yule wa uani."