Hadithi Isiyotolewa Mchana

Wenzangu mliocheza kati kwa mpira wa matambara, mkaruka bladha, ile kamba ya mpira, mpaka kandambili zikakatika, njooni mnisaidie kukasirika. Hasira hii nimeibeba tangu mwaka ule wa pili wa korona na haijanitoka, na vijana wa siku hizi nikiwaambia wananitazama tu na visikio vyao masikioni.

Kwetu ni Taita, juu kule ambako ukungu hukaa shambani mpaka saa nne na maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Jioni tulijibana jikoni, macho yanawasha kwa moshi, tukimngojea Mama apondeponde kimanga cha mihogo na maharagwe. Mwiko ukigonga sufuria, harufu ya maharagwe ikipanda, ndipo alipotutupia, "Paukwa!" Ole wenu mjibu "Pakawa" kinyonge. Alinyamaza kabisa, na mwiko ukanyamaza naye, mkae na njaa zenu. Tulipojibu kwa nguvu, zimwi lilikuja: zimwi lililoazima sauti za akina mama ili watoto walifungulie mlango. Jamani, Mama alijua kuigiza sauti ile! Hakuna aliyekubali kukaa karibu na mlango.

Lakini sharti lilikuwa moja. Mchana hapana. "Mchana ni wa jembe," alisema. "Mtoto akitoa hadithi jua likiwaka, mama yake akitoka harudi." Na si kwamba tuliambiwa tukacheka. Siku moja kakangu Mwakio alianza hadithi ya zimwi adhuhuri, tukipalilia, makusudi atuudhi. Tulimrukia tukamziba mdomo kwa mikono yenye udongo. Kitinda mimba wetu alimfuata Mama kutwa nzima, mtoni, kwa mbuzi, mpaka mlangoni mwa choo, akilia, na Mama hakumfukuza.

Sasa njooni shuleni, hapo ndipo damu yangu inapochemka. Sekondari ya wasichana, ya misheni, magoti yametuota sugu kwa sala, na tunafundishwa nini? Miungu ya Wagiriki wa kale. Tuliichora kwenye karatasi za manila, tukakariri nani kamwoa nani, nani kamwibia nani mke, nani kageuka ng'ombe. Usipojua baba wa mungu fulani, unachapwa. Rafiki yangu mmoja akainua mkono, akauliza kama tunaweza kuandika insha juu ya zimwi la kwetu. Mwalimu akavua miwani. "Hayo ni mambo ya giza. Mnataka kurudi nyuma?"

Haya, niambieni, zimwi letu lilikosa nini? Lilimeza watoto, sawa. Na yule mungu wao mmoja si alimeza watoto wake mwenyewe, aliowazaa? La kwetu angalau lilimeza wa jirani! Lakini la kwao likaitwa elimu, letu likaitwa ushenzi, na sisi tukaandika madaftarini bila kuuliza.

Nikakua, nikasomea uuguzi, nikavuka bahari. Korona ilinikuta hapa Sydney, mtaa wa Blacktown, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mnakumbuka siku zile. Magharibi ya jiji tumefungiwa kuliko wenzetu wa ufukweni, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu. Sisi wa kazi za wazee tulikuwa tunachokolewa pua kupimwa kabla ya kila shifti, na kuna wazee niliowavalisha soksi asubuhi ambao kesho yake sikuwakuta. Nikirudi nilivulia nguo kwenye gereji kabla ya kumgusa mtoto. Huyo ni Wakesho, binti yangu wa pekee, darasa la saba, anayesomea kwenye meza ya jikoni mbele ya kompyuta. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

Siku moja nachungulia masomo yake, nakuta nani? Wale wale! Miungu ile ile ya manila! Nilikaa kitini. Kumbe nimepanda ndege mbili na wazee hawa wa Kigiriki wamenitangulia. Nikamuuliza Wakesho, kwa nini mnafundishwa hawa? Akainua mabega, akasema ndivyo kila mtu anavyofundishwa. Basi hilo ndilo jibu, miaka yote hiyo.

Wiki iliyofuata, mwalimu wake akasema anayetaka anaweza kuleta hadithi ya kale ya kwao, aitoe darasani kwenye video, badala ya ya Wagiriki. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikasema leo zimwi linaingia darasani kwa mlango wa mbele!

Nikampigia Mama jioni ile ile. Kwetu giza, kwake adhuhuri. Akanikatalia katakata. "Wewe, jua liko utosini. Unataka mabaya gani?"

"Mama, huku ni usiku."

"Kwani hadithi iko huko, ama iko huku kwa mdomo wangu?"

Ikabidi tutafute saa ambayo jua halipo kwao wala kwetu. Tukaipata alfajiri, kabla sijaenda shifti, Mama akiwa anajiandaa kulala. Wakesho akajifunika blanketi na simu. Nikasikia "Paukwa!" kutoka Taita, na mtoto wangu wa Kiingereza akajibu "Pakawa!" mpaka jirani akagonga ukuta. Machozi yalinitoka, sifichi. Mama alimpa yote, na sharti lake.

Siku ya darasa nilikuwa nyumbani, nimeshavaa yunifomu ya kazi ya saa saba mchana. Saa nne asubuhi, jua jeupe dirishani. Mwalimu akamwita Wakesho. Akamwita tena. Wakesho akasema hawezi, ni mchana.

Mwalimu akacheka, kwa upole tu. Akasema hizo ni imani, hakuna litakalotokea, aendelee. Mimi nyuma ya kompyuta namkodolea macho, namnong'oneza, "Toa! Toa hadithi!" Nimengoja tangu shule ya misheni, na mtoto ananiangusha mbele ya Wagiriki!

Akanigeukia, macho yamejaa. Akasema kwa Kiswahili, darasa zima likisikia bila kuelewa, "Sitaki, Mama. Unaenda kazi kwa wazee. Usiporudi?"

Nikaacha kumhimiza. Mwalimu akasema basi achukue moja ya Kigiriki, hizo hutolewa saa yoyote. Wakesho akatikisa kichwa. Akaandikiwa sufuri.

Hapo nikaingia kwenye kamera, na kofia yangu ya shifti. Kiingereza changu kikipata hasira hunyooka. Nikamwambia, "Mwalimu, hizo za Wagiriki mnazitoa mchana kwa sababu hakuna mtoto aliyebaki wa kuziogopa. Ya kwetu ingali hai. Huyu amekataa alama zako ili mamake arudi nyumbani, na wewe unamwandikia sufuri?" Akasema anaelewa, lakini ndivyo utaratibu ulivyo. Sufuri ikabaki, na mpaka leo nikiikumbuka nasaga meno.

Nilienda kazini, nikarudi giza limeingia. Wakesho alizima taa ya jikoni, akanitolea hadithi yote mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, sauti ya zimwi akiigiza vibaya mno. Niliogopa hata hivyo.

Enzi zetu hadithi hiyo ilijaza jikoni, tukabanana mpaka aliye kando ya moto akaungua goti. Sasa ilikuwa na msikilizaji mmoja, mwanamke mwenye alama za barakoa usoni. Miungu ya Wagiriki, ambayo watu wake walishaiacha zamani, ina madarasa dunia nzima.