Panya Aliyeng'ata Mraba

Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia. Watu wakisikia nimefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta, ya kwanza kabisa kuiona kwa macho yangu hapa Ifakara, wanadhani nilikuwa nakaa kwenye kiti. Kiti nilikifuta vumbi. Ilikuwa ofisi ya mradi mdogo wa mbegu za mpunga, pale Lipangalala, na mradi wenyewe ulishakufa zamani, kwa hiyo hakuna atakayekuja kugombana na mimi.

Mwenye kukaa kwenye kiti alikuwa bwana mmoja wa kutoka Dar, mnene, shati kalichomekea mpaka vifungo vinaomba msaada. Kompyuta alisomea wiki tatu, akarudi na daftari. Kila kitu kilikuwa humo: bonyeza hiki, ngoja, bonyeza kile. Ukimuuliza swali ambalo halimo kwenye daftari anaanza kukohoa. "Ehem. Mama, hilo ni suala la kiufundi." Nilikuwa namwigiza kisimani, natoa tumbo, nakohoa, wanawake wanamwaga maji kwa kucheka.

Kila siku saa nne asubuhi, laini ya simu ikiwa imetulia, ile mashine ilikuwa inapiga simu Dar yenyewe. Inalia kwanza kama mbuzi aliyekanyagwa, kriiii, halafu kama mvua kwenye bati, shaaaa, halafu kimya. Hapo barua zinashuka. Tumbo lake la kuwekea vitu lilishaharibika, kwa hiyo barua zilikuwa zinaandikwa kwenye diski, vile vibapa vyeusi vyembamba, vinalegea ukivishika. Unachomeka kimoja mdomoni mwa mashine, barua inaandikwa humo, ndiyo unaifungua unasoma. Isipoandikwa, huna barua, inabaki Dar inangoja. Hayo niliyajua kwa kusikia. Bwana alikuwa anamweleza kila mgeni kwa fahari, kama vile mashine kaizaa yeye.

Masika ya mwaka huo mto ulivimba, maji yakaingia mashambani, na panya wote wa Katindiuka wakahamia mjini. Walitoboa magunia ya mbegu. Walikula sabuni. Walikula kona ya picha ya ukutani. Mkuu wa mradi, mzee mpole mwenye kuhurumia kila kitu, akaniambia, "Mama, kilichotobolewa kizibwe. Tusitupe kitu."

Nikaziba. Magunia nilishona kwa sindano ya magunia, mifuko ya plastiki nikabandika kwa ile tepu nyeusi ya mafundi umeme. Nikafika kwenye kasha la diski. Natoa moja, imeng'atwa ubavuni. Natoa ya pili, imeng'atwa, palepale. Zote. Nikacheka peke yangu, nikasema panya wa ofisi naye kasoma, anang'ata mraba. Nikakata tepu kwa wembe, vipande vidogo, nikaziba moja moja mbele na nyuma, nikasugua kwa ukucha mpaka huoni ilipoanzia wala ilipoishia. Mikono yangu ilikuwa mizuri kwa kazi kama hiyo. Hakuna aliyeniona, na mimi sikutangaza. Mtu akifagia anatangaza?

Siku hizohizo mwanangu alikuwa amelazwa.

Ni mwanangu wa mwisho, wa kike. Kupandikiza mpunga hakuna aliyemshinda huku kwetu, anainama asubuhi anainuka mchana, na mdomo haufungi, anawasema waliobaki nyuma. Mguu wake wa kulia ulivimba juu ya kifundo. Tukakanda, tukapaka, ukavimba tu, mpaka akawa hakanyagi. Hospitali wakakata kinyama kidogo pale kwenye uvimbe, kikapelekwa Dar kupimwa.

Daktari alikuwa mtu mwema, sauti inatokea puani, kama ana mafua ya kuzaliwa nayo. "Mama, hapa kuna mambo mawili. Kama ni kansa, mguu tunakata, na tunakata mapema kabla haijapanda. Kama ni TB ya mfupa, anameza dawa, mguu wake anabaki nao. Kwa macho mimi siwezi kujua. Tungoje jibu."

Sasa jibu litakujaje? Barabara ilikuwa imekatika huko Kiberege, magari yamelala kwenye tope, treni nayo inapita siku inayotaka yenyewe. Simu ya hospitali ilikuwa kimya tangu mvua ianze. Daktari akaja mwenyewe ofisini kwetu, viatu mkononi, akamwomba bwana jibu lipitie kwenye mashine. Bwana akavuta pumzi, vifungo vikalia. "Daktari, hilo dogo. Kesho saa nne."

Kesho saa nne nilikuwa nimesimama na fagio langu, sifagii. Mbuzi akalia. Mvua ikanyesha. Kimya. Halafu mashine ikakwaruza, kre, kre, maandishi yakatokea. Bwana akasoma, akakohoa. Nikajua.

"Inasemaje, baba?"

"Ehem. Barua imekuja, ila mashine inasema haina ruhusa ya kuandika."

"Ruhusa ya nani?"

"Haijasema. Inauliza: niache, nijaribu tena, au nishindwe?"

"Sasa hilo nalo la kuuliza? Mwambie ajaribu."

Herufi zilikuwa tatu, akanionyesha. Moja kama paa la kibanda. Ya kati kama mtu mwenye tumbo anapiga teke. Ya tatu kama msumari wa kutundikia nguo. Ya kati ndiyo ya kujaribu tena. Nikamwambia, "Huyu ni wewe kabisa, baba, tumbo na teke." Hakucheka. Akabonyeza. Kre, kre. Haina ruhusa. Akabonyeza tena. Mwishowe kidole kilimchoka, akaniambia, "Bonyeza wewe, mama, labda una mkono wa heri." Nikambonyeza mwenye tumbo mpaka laini ikakatika.

Akafuta mdomo wa mashine kwa spiriti. Akapuliza. Akabadilisha diski, akaweka ya pili, ya tatu, mpaka kasha likaisha. Ikakataa zote. "Diski zote haziwezi kuharibika siku moja," akasema, "kwa hiyo tatizo siyo diski." Hata mimi niliona kweli huyu kasoma.

Siku ya pili akaifungua mashine kwa bisibisi, akaangalia ndani, akaifunga, skrubu mbili zikabaki mezani. Siku ya tatu akafika amenyooka, kagundua sababu usiku kitandani. "Ni siri ya mgonjwa! Vipimo ni siri. Dar wamelifunga jibu, wanataka ruhusa ya maandishi." Na nani angebisha? Hapa kwetu hata maiti haisafiri bila karatasi yenye muhuri. Daktari naye alikuwa hajalala, akasema sawa, nitaandika. Akaandika. Mwenye kabati la muhuri wa hospitali kaenda msibani Mahenge na ufunguo. Siku moja ikapita hapo. Muhuri ukapigwa, barua ikapewa gadi wa treni aifikishe Dar.

Daktari hakuridhika, akaomba simu yetu apige maabara Dar, aulize kwa mdomo. Laini inakwaruza, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka. "Niambie tu, dada! Kansa au siyo kansa?" Sauti ya yule mama wa maabara ilikuwa nyembamba, tulivu, mtu ameshiba. Niliisikia kutoka mlangoni. "Baba, majibu hatusemi kwenye simu. Yalishatumwa. Kwenye kompyuta yenu. Ruhusa? Ruhusa gani? Sisi hatujafunga kitu." Akakata.

Bwana akatikisa kichwa. "Wanaficha. Watu wa Dar hawakubali kosa."

Kila jioni nilikuwa napeleka uji hospitali. Mwanangu ananiuliza kabla sijakaa. "Mashine imesemaje leo, mama?" Na mimi, kwa upumbavu wangu, namwigizia. Namfanyia mbuzi, namfanyia mvua, namfanyia bwana anavyokohoa. Siku ya kwanza alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Fanya tena ya mbuzi." Siku ya pili akacheka. Siku ya tatu akatabasamu na macho kayafumba. Pale walipokata kinyama palikuwa pameanza kunuka, ukiingia wodini harufu inakupokea mlangoni, na mguu ulikuwa unabadilika rangi. Siku ya tano hakuniuliza mashine. Aliuliza kama mpunga wake umeshapandikizwa, na nani kaupandikiza, na kama huyo mtu kaacha nafasi za kutosha.

Daktari akaniita kwenye korido. "Mama, siwezi kungoja tena. Kidonda kimechafuka, homa inapanda. Na kama ni kansa, kila siku ninayongoja nachezea maisha yake. Nahitaji ruhusa yako."

Mwanangu mwenyewe alikuwa anaongea maneno ya homa. Mumewe alikuwa kwenye miwa huko Kidatu, hakuna wa kumfikia. Wakaleta wino, nikaweka dole gumba. Ruhusa hiyo haikusumbua mtu.

Walikata chini ya goti.

Siku mbili baada ya hapo lori la mradi likatokea, tope mpaka kwenye vioo. Mkuu alikuwa ameagiza kasha la diski mpya, siyo kwa ajili yetu, ni kwa mambo yake ya hesabu za mbegu. Bwana akachukua moja, bila matumaini, saa nne ikiwa imefika. Mbuzi akalia. Mvua. Kimya. Halafu mashine ikaanza kutafuna, krrr, krrr, taratibu, kama mtu anakula mahindi mabichi. Bwana akaruka kwenye kiti. "Inaandika! Mama, inaandika!"

Mimi nilikuwa nimeshika kasha, nikaangalia zilizobaki. Zimeng'atwa ubavuni. Zote, palepale. Mdomo wangu haujui kunyamaza. Nikasema, "Haya, na hizi panya wa Dar wameshazing'ata. Lete, baba, nizibe kama nilivyoziba zile."

Bwana akaacha kushangilia. Akageuka taratibu, na kiti chake kikageuka naye.

"Umeziba nini, mama?"

Nikamwonyesha. Akachukua diski ya zamani na mpya, akaziweka pamoja dirishani kwenye mwanga. Akapitisha ukucha ubavuni, akatafuta, akakosa, akatafuta tena. Alihangaika kuibandua, niliisugua vizuri mno. Tepu ikatoka, kitundu kikatokea, mraba. Akaichomeka. Krrr, krrr. Ikaandika.

Kile kitundu ndiyo ruhusa yenyewe. Watengenezaji wamekikata makusudi. Kikiwa wazi mashine inaandika, kikizibwa inajua imekatazwa. Ndiyo hivyo tu. Mtoto anaelewa.

Akaifungua barua akaisoma kimya, halafu akanisomea. Siyo kansa. TB ya mfupa.

Tukakaa. Nje lori lilikuwa linashushwa magunia, wanaume wanataniana. Bwana akasema, "Na mimi sikukiangalia kile kitundu, mama. Kwenye daftari hakimo." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiongea bila kukohoa. Akasema tena, "Haya yaishie humu." Nikachukua fagio nikamalizia chini ya meza, kwa sababu nilikuwa sijamaliza.

Daktari alipolisoma jibu alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Akaniambia kidonda kilikuwa kibaya, hata jibu lingewahi, labda mguu ungekatwa vilevile. Labda. Hiyo "labda" yake ya puani nimeirudia peke yangu jikoni mara nyingi. Sijaipata sawasawa. Nikiitoa inakuwa kubwa mno, au inakuwa ndogo.

Mwanangu alimeza dawa miezi mingi, akapona kabisa, isipokuwa mguu. Mumewe alikuja, akaangalia, akashika kofia yake, akarudi kwenye miwa, na barua zake zikaanza kuchelewa, halafu zikaacha. Mpunga ulipoanza kuiva mwanangu akasema atakwenda kuamia ndege, hiyo ni kazi ya kukaa. Nilimpeleka Katindiuka kwa baiskeli ya kukodi, magongo tumeyafunga pembeni. Akakaa kwenye kichanja na rundo la madonge ya udongo, anarusha, kwelea wanaruka kama moshi, wanageuka, wanarudi.

Nikamwambia pale. Niliona nikingoja zaidi nitazeeka nayo, na yeye ataendelea kuwasimulia watu kuwa mguu wake ulikatwa na watu wa Dar. Nikaanzia kwa panya, nikamaliza kwa ukucha wa bwana. Sikuigiza mtu.

Alikuwa kashika donge mkononi.

"Uliziba zote?"

"Zote."

"Hukuacha hata moja?"

"Hata moja."

Akaliangalia lile donge. "Wewe na kazi zako za kumaliza," akasema. Akalirusha, halikufika mbali. Halafu akasema, "Fanya ya mashine."

"Mwanangu."

"Ile inapokataa. Fanya."

Nikafanya. Mbuzi, mvua, kimya, kre, kre. Sauti ilitoka vizuri, sauti hainijui mimi nina nini. Hakucheka. Alikuwa ananiangalia mdomo.

"Tena," akasema.

Nikafanya tena.

"Tena."

Ndege wakashuka kwenye mpunga, kundi zima, mabua yakainama kwa uzito wao. Tulikuwa tunawasikia wanavyokula. Mimi nilikuwa nafanya, na yeye madonge yalikuwa palepale karibu na mkono wake, hakushika hata moja.