Kazi ya Ijumaa na Chungu cha Mlenda

Enzi zetu kazi ya nyumbani haikuingia kwa simu. Ilitolewa Ijumaa mchana, tukiwa tumesimama mistarini kwenye uwanja wa shule, jua la Dodoma limetukalia utosini. Aliyeitoa alikuwa Mwalimu Mhando, mkuu wa shule yetu ya kijijini, huko Chamwino. Aliisema mara moja tu. Usiposikia, ulimuuliza mwenzako njiani, na kama mwenzako naye alikuwa anasinzia, nyote wawili mlikuwa na kesi ya kujibu Jumatatu.

Wa rika langu watakumbuka. Kazi yenyewe mara nyingi haikuwa ya kuandika, maana madaftari yalikuwa machache na penseli moja ilikatwa vipande, ndugu wakagawana. Kulikuwa na kazi za kubeba: fagio, majivu ya kumwaga chooni, samadi ya shamba la shule, ambayo tuliibeba kichwani huku tukibishana ng'ombe wa baba yake nani wana samadi bora. Na kulikuwa na kazi za kujifunza kwa watu wa nyumbani. Wiki hii usokote kamba ya magome ya mbuyu na babu yako. Wiki ijayo uulize jina lako lilitoka wapi. Wiki nyingine wewe na baba mpime shamba kwa hatua, na mkitofautiana, mwalimu ataamua. Kwa kawaida tulikumbuka Jumapili jioni, baada ya kucheza rede mpaka vumbi likatuingia masikioni, na baada ya kumumunya ubuyu wote uliokuwa mfukoni. Hapo nyumba nzima ilisimama kutafuta kamba.

Wazazi hawakulalamika. Mwalimu enzi zile alikuwa serikali. Bibi yangu, mama yake baba, hakuogopa fisi wala njaa, na vyote viwili alivijua vizuri. Lakini mwalimu akitamka jambo, bibi alisema "Serikali imesema," na jambo hilo likafanyika hata kama halikuwa na maana yoyote.

Tuliishi kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo. Bibi alikaa upande mmoja, baba na mama na sisi watoto upande wa pili, na kila upande ulikuwa na mafiga yake. Mama alikuwa Mrangi wa Kondoa. Baba, Mgogo wa hapo hapo, alimwona Chemba alikokwenda na ng'ombe wa kuuza, akarudi na habari ambazo bibi hakuzitarajia, kwa sababu bibi alikuwa amekwisha mchagulia binti wa jirani. Mama akaja na dini yake, lugha yake na karanga zake. Bibi hakumtukana wala hakumfukuza. Alikataa tu kula cha chungu chake.

Kila jioni mama alipakua sahani ya bibi kabla ya sahani ya mtu mwingine yeyote, akanipa nipeleke. Kila jioni bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini, akashukuru, kisha akasema, "Nimeshiba." Nami nikairudisha vilevile ilivyokwenda. Mama aliifunua, akatazama, akafunika. Hakuacha kupakua. Nilikuwa darasa la nne, na mtu angeniuliza ninataka nini duniani nisingetaja viatu, ingawa sikuwa navyo. Nilitaka siku moja nirudi na sahani tupu.

Basi Ijumaa moja Mwalimu Mhando akatangaza kazi ya wiki. Kila mtoto, wa kiume na wa kike, ashiriki kupika mboga ya nyumbani kwao, kisha Jumatatu asimame mbele ya darasa aeleze inavyopikwa. Wavulana wakaguna. Mwalimu akangoja waishe kuguna, akaongeza kwamba hataki kusikia "mama alipika nikiwa nacheza." Wapike pamoja wanawake wote wa nyumba, jiko moja, chungu kimoja. Yeye alikuwa mtu wa Handeni, amehamia kwetu mwaka ule tu, wala hakujua habari za tembe letu. Mimi nilirudi nyumbani nikiburuta miguu.

Nilianza kwa mama. Akaniambia niende kwa bibi, kwa kuwa bibi ndiye mwenye nyumba. Bibi akaniambia hilo ni jambo jepesi, mboga ya kwetu ni mlenda, unga wa mlenda mkavu unakorogwa na magadi, basi, nikae nionyeshwe. Nikamwambia mwalimu amesema jiko moja na wanawake wote. Akauliza kama ndivyo mwalimu alivyosema kwa kinywa chake. Nikasema ndivyo, hata watoto wa jirani walisikia. Bibi akatoka nje, akatazama upande iliko shule, kama vile serikali ingeweza kumwona kutoka kule. Bila shaka aliamini inaweza.

Jumamosi mchana akaja upande wetu na kibuyu chake cha mlenda. Mama alikuwa akipuliza moto. Alipomwona alipiga goti, akaamkia, akampa kigoda. Bibi akakaa akitupa mgongo nusu, akasema amekuja kwa sababu ya shule.

Walipika kwa kupitia kwangu. Bibi alikuwa na Kiswahili kichache na mama alikuwa na Kigogo cha kununulia chumvi, kwa hiyo kila mmoja aliniambia mimi, nami nikamwambia mwenzake, ingawa walikuwa wamekaa karibu kiasi cha kugusana magoti. Maji yalichemka, magadi yakaingia, mlenda ukakorogwa ukaanza kuvutika. Hapo mama akanyanyua bakuli la karanga alizokwisha twanga. Kwao mlenda bila karanga haukuwa mlenda. Bibi akaniambia karanga ni za kutafuna njiani. Mama akaniambia nimweleze bibi kwamba hatatia kama bibi hataki. Bibi akaniambia sawa, asitie. Bakuli likawekwa chini. Niliuona uso wa mama, nikajua kwamba jioni nitabeba tena sahani iliyojaa.

Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa na hofu ya Jumatatu tu, na ndiyo iliyoniuma mpaka nikauliza wote wawili kwa pamoja, "Sasa mimi nikaseme mboga ya kwetu ni ipi?"

Mama aliinama. Bibi alichokoa moto kwa kijiti kisichohitajika pale, moto wenyewe ulikuwa mzuri. Mwishowe, bila kunipitia mimi, akasema kwa Kiswahili chake, "Tia kidogo. Mwalimu asiseme tumemnyima."

Mama akatia. Karanga nyingine zikaangukia majivuni. Mlenda ulipoiva akachota kwa mwiko, akapuliza, akammiminia bibi kiganjani kama desturi ya kuonja ilivyo. Bibi akalamba. Akafumba macho. Mama alikuwa bado ameshika mwiko hewani.

"Chumvi," bibi akasema.

Leo naweza kueleza kilichotokea, siku ile sikuelewa. Mtu asiyekusudia kula hana haja na chumvi yako. Mama alielewa papo hapo. Aligeuka haraka kuchukua kopo, na aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa, akasingizia moshi. Bibi alikula ugali wa uwele na mlenda ule kwenye sahani moja na sisi, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Sikupeleka kitu upande wa bibi jioni ile. Nilifurahi kiasi cha kushindwa kulala.

Jumatatu nilisimama nikaeleza. Nilipofika kwenye karanga darasa zima likacheka, na kwa siku kadhaa nikaitwa Mlenda wa Karanga. Mwalimu Mhando aliuliza wazee wa nyumbani walisemaje. Nikajibu, "Bibi alisema chumvi." Wakacheka tena. Mwalimu akasema vizuri, kaa, akamwita mwingine. Hakujua alichofanya, na nadhani amekufa bila kujua.

Ijumaa iliyofuata bibi alinisubiri mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akauliza mwalimu amesema nini. Nikamwambia tumeagizwa fagio. Akauliza, "Na jikoni?" Nikasema jikoni hakutaja. Bibi akaingia ndani, nikamsikia akihamisha vitu. Baadaye akatoka na kibuyu chake kwapani, akapita mbele yangu kwenda upande wetu.

"Labda amesahau," akasema.

Tangu hapo mafiga ya upande wake yaliota vumbi.

Sasa mimi ni bibi, nakaa Kizota, Dodoma mjini, kwa mwanangu na mke wake. Mkwe wangu ni binti wa Moshi, anafanya kazi ofisini, na mjukuu wangu, Brayan, yuko darasa la nne. Kazi ya wiki inaingia Ijumaa kwenye simu, katika kundi la wazazi, na kabla mtoto hajaiona wazazi wamekwisha bishana. Mmoja anasema ni nyingi, mwingine ni ngumu, wa tatu anauliza inauzwa wapi. Na kweli inauzwa. Walipoagizwa kutengeneza tembe na familia, fundi mmoja hapa mtaani alichonga matembe madogo ya mbao laini, na Jumatatu darasa zima likapeleka tembe lile lile. Brayan alipata alama zote. Nilimuuliza ndani ya tembe watu walilala wapi, akaniambia hilo halikuulizwa. Watoto wa siku hizi wana akili sana, wanajua kila kilichoulizwa.

Sisemi kwamba sisi tulikuwa bora. Tulikuwa na chawa. Tulichapwa fimbo kwa makosa ambayo leo yangechekwa. Lakini Ijumaa ilituma mtu kwa mtu, na siku hizi inatuma mtu dukani, na hilo linanisikitisha kuliko ninavyopenda kukiri.

Jana ilikuwa Ijumaa. Ujumbe uliingia: hesabu za sehemu, ukurasa mzima. Jikoni hakukutajwa. Mkwe wangu alikuwa huko, anapika tambi na mchuzi wenye pilipili hoho, chakula ambacho tangu nihamie hapa nimekuwa nikikijibu kwa adabu kwamba nimeshiba. Nilikuwa nimekaa sebuleni nikilisikia neno hilo likijiandaa mdomoni, na nikaitambua sauti yake.

Mama aliniambia jambo moja kabla hajafariki. Siku ile ya mlenda chumvi ilikuwa imekolea kabisa. Alitia punje chache tu, asije akaharibu.

Nikainuka, nikaingia jikoni, nikamwambia mkwe wangu anionjeshe. Alinitazama kwa mshangao, akapunguza moto, akatafuta mwiko. Nikamnyooshea kiganja. Akamimina kidogo, kwa woga, akasimama na mwiko hewani.

Mchuzi ulikuwa umekolea vizuri.

"Chumvi," nikasema.