Kiti Chenye Nuru ya Kijani

Fundi kamera, ambaye mtaa mzima humwita Mama Lenzi, hakubali kitu kwa kuambiwa. Mteja akisema kamera imekufa yenyewe, yeye hushusha miwani na kumuuliza iliangukia wapi. Na kila mara kuna mahali iliangukia. Jaribio moja kwake ni uvumi, la pili ni fununu. Hafungui mdomo mpaka la tatu. Wenye haraka humkimbia, kisha hurudi na kamera zilizoharibiwa na mafundi wa haraka.

Aliyemshinda ni dada yake mkubwa. Dada alikuwa amepigwa picha za nuru, zile zinazomwonyesha mtu amezungukwa na wingu la rangi. Ya kwanza wingu lilitoka jekundu. Ya pili, mwezi mmoja baadaye, likatoka kijani, na mpiga picha akamwambia kijani ni rangi ya mwili uliopona. Siku hiyohiyo dada akaacha vidonge vya presha. Mama Lenzi alibembeleza, akanuna, akamtuma hata shemeji, wapi!

"Mdogo wangu, wewe umesomea skrubu," dada alimjibu. "Haya hayafunguliwi kwa bisibisi."

Wiki tatu zikapita. Mama yao alikuwa amefariki kwa presha hiyohiyo, na Mama Lenzi aliogopa, aliogopa kweli.

Ndipo mpiga picha yuleyule wa nuru, bwana mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akapanda ngazi za karakana na mashine yake. Ilikuwa na visahani viwili vya chuma vya kuwekea viganja, na cha kushoto kilikuwa hakifanyi kazi.

"Naweza kuifungua yote?"

"Fungua tu, mama. Hata mimi sijawahi kuona ndani."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kutoka kwenye visahani nyaya ziliingia katika kisanduku kinachopima umeme mdogo unavyopita kwenye ngozi. Kando ya lenzi, mahali mteja hapaoni, palikuwa na safu ya vitaa vya rangi vinavyomwaga mwanga juu ya picha. Mama Lenzi akaunga waya uliokatika, akakaa kitini mwenyewe. Viganja vikavu: kijani. Akanawa bila kujifuta: nyekundu. Akajifuta akarudia, kijani tena. Mpiga picha akaketi kungoja aone mwisho wake.

Mama Lenzi hakumpigia dada simu ili wabishane. Alimwambia tu, "Njoo unishikie taa."

Dada alipofika alikuta kiti kitupu mbele ya kamera, kile kibovu chenye mguu uliofungwa waya. Juu ya kila kisahani Mama Lenzi alitandika kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kiasi cha kiganja kikavu, kisha akapiga. Picha ikatoka polepole: kiti, mguu wake wa waya, na wingu la kijani limekizunguka kama kiti cha malkia.

Dada akatoa picha yake ya kijani mkobani, akaiweka kando ya ile ya kiti.

"Siku ya kwanza nilikwenda kwa miguu, jua kali," alisema taratibu. "Viganja vilikuwa vinatiririka jasho."

"Na ya pili?"

"Asubuhi. Palikuwa na baridi."

Mpiga picha alijiinamia. "Nimewaambia watu wangapi wamepona?"

"Ulikuwa hujui," Mama Lenzi alimwambia. "Sasa unajua. Wafuate."

Hakuna aliyesema "nilikwambia", ingawa mtu mmoja pale alikuwa na haki zote za kusema. Dada akaingiza tena mkono mkobani, akatoa kichupa cha vidonge. Alikuwa amekibeba muda wote huo, wiki zote tatu.

"Mdogo wangu, nipe maji. Na kesho unipeleke kupima."

Mama Lenzi, ambaye hafungui mdomo mpaka jaribio la tatu, alijibu "Ndiyo" kabla hata hajamimina maji.