Simu ya Phyllis Siku ya Wazazi

Kila mwaka, siku ya wazazi ikifika katika Shule ya Msingi ya Kyandula, Phyllis Mutheu alikuwa mgeni wa heshima bila kuwepo. Yeye alikuwa Doha, katika nyumba ya watu huko Al Thumama. Mwalimu mkuu, Bwana Gerishon, alimpigia simu, akaishika mbele ya maikrofoni iliyoazimwa kanisani, na sauti ya Phyllis ikavuma uwanja mzima. "Huyu ni wetu!" mwalimu aliwaambia watu. "Alikalia madawati haya haya. Leo yuko Uarabuni, anafanya kazi katika ofisi!"

Ofisi gani! Phyllis alikuwa akiosha vyoo. Lakini mwaka wa kwanza, mwalimu alipomuuliza hadharani anafanya kazi gani, huku mama yake ameketi mstari wa mbele na leso mpya, haya zilimshika na neno "ofisi" likamtoka. Usimcheke. Wewe ungesema nini? Tangu hapo akalirudia kila mwaka, na kumalizia vilevile: "Someni kwa bidii, mtafika nilipofika."

Na shule ile, tusiidharau, ilimtoa mbali. Kyandula mvua ikikosa watu hula mara moja kwa siku, na hiyo moja nayo pengine ni uji. Phyllis alipelekwa darasa la kwanza kwa sababu ya sufuria ya githeri iliyochemka nyuma ya ofisi ya mwalimu. Watoto walifuata chakula, wakajikuta wanasoma. Humo ametoka muuguzi, wametoka walimu, hata chifu. Phyllis aliendelea hadi kidato cha nne, na Kiingereza alichokipata ndicho kilichompitisha kwa ajenti wa Nairobi pale wenzake walipokwama. Shule ilimfikisha. Kwamba huko alikofika anaitwa kwa kidole, hilo si kosa la shule.

Shida ilianza mwaka 2013, na aliyeileta ni mtu ambaye Phyllis alimpenda kuliko wote. Binti yake Millicent, aliyelelewa na bibi yake kijijini, alikuwa darasa la nane na kichwa chake kilikuwa chepesi ajabu. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Phyllis alishajionea kila kitu: sekondari ya bweni, chuo kikuu, Millicent ndani ya koti jeupe la daktari. Kisha Ijumaa moja msichana akamwambia kwa simu:

"Mami, kuna ajenti amekuja mjini Mwingi, anachukua wasichana wa Gulf. Miaka ataniongezea kwa paspoti. Si unitafutie kazi hapo ofisini kwenu?"

Phyllis hakumficha tena. "Millicent, hakuna ofisi. Mimi ni mfanyakazi wa nyumba. Naosha vyoo."

"Wacha, mami. Unasema hivyo juu hutaki nikuje."

"Naapa kwa Mungu."

"Kila mwaka unaambia shule nzima ni ofisi, halafu mimi ndio unaniambia choo?" Millicent akacheka mpaka simu ikakatika.

Phyllis alimpelekea habari hizo rafiki yake Terry, Mkenya mwenzake aliyefanya usafi katika hoteli moja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Alikuwa ameamua: siku ya wazazi atasema ukweli kwenye maikrofoni.

"Usijivue nguo mbele ya kijiji, dada," Terry akamwambia. "Kuna watu wanangoja tu uanguke."

"Lakini Millicent haniamini. Akisikia nawaambia wote, ataamini."

Hapo hakukosea, maskini.

Siku ilipofika alijifungia katika chumba cha kufulia, mashine zikinguruma. Simu ya mwalimu ikaingia. Wakati huohuo madam wake akaita kutoka jikoni, "Phyllis! Taali!" Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Phyllis alijifanya hakusikia.

"Mimi sina ofisi," akawaambia watu wa Kyandula. "Mimi naosha vyoo."

Mtoto mmoja akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima.

"Mama Millicent anapenda utani!" mwalimu akadakia.

"Si utani, Mwalimu. Nalala chumba cha kupigia pasi. Paspoti yangu imefungiwa na tajiri wangu. Millicent, unanisikia? Soma, mama. Usije huku."

Simu ikakatwa. Baadaye Bwana Gerishon alimtumia ujumbe: Umetuaibisha mbele ya mgeni rasmi. Mwaka ujao tutaongea na muuguzi. Phyllis hakuusoma wakati huo, kwa sababu madam alifungua mlango akamkuta na simu sikioni, akampokonya. Hiyo ndiyo adhabu ya kuitwa usiitike. Alirudishiwa baada ya majuma mengi, mtihani umekwisha.

Akampigia mama yake. Bibi wa watu alilia kwanza ndipo akaeleza. Watoto walimpa Millicent jina, Ofisi ya Choo. Akipita walibana pua, na mwalimu mmoja naye akacheka. Msichana alivumilia, akavumilia, kisha asubuhi moja akaacha yunifomu imekunjwa kitandani akaondoka. Mtihani hakuufanya. Kwa ajenti hakwenda. Hilo tu Phyllis alifaulu kulizuia. Alikwenda Nairobi kufanya kazi ya nyumba.

Phyllis aliipata nambari ya binti yake, akapiga.

"Kwa nini, Millicent? Na akili yako hiyo yote?"

"Mami, wewe ulisoma mpaka fomu foo, ukaishia choo. Mimi nilikuwa nasomea nini?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayetaka kuelezwa.

Kabla Phyllis hajajibu, alisikia upande wa binti yake mwanamke akiita kwa ukali. Millicent akaitikia kwa Kiingereza safi cha Kyandula kwamba anakuja, madam, anakuja sasa hivi. Kisha akakata simu.