Aliyeniita Mara Mbili Kilimani

Sikiliza, mimi si mtu wa hadithi. Kazi yangu ni kufundisha hesabu sekondari huko Unguja, na mtu wa hesabu anataka ushahidi. Ushahidi ninao, umo kwenye simu yangu, na nitakuonyesha tukifika huko. Kwa hiyo kama umekuja kunicheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya yamenitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na wala haikuwa usiku. Jua lilikuwa linawaka.

Kwetu ni Pemba, upande wa Vitongoji. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, na aliyenilea ni dada yangu Riziki, ambaye wakati huo mwenyewe alikuwa hajafika ishirini. Dada Riziki ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani, kwa kunikalisha ubavuni kwake jikoni huku anakuna nazi, na ndiye aliyenitia adabu ya kuitwa. Kila mtoto wa kwetu anaijua. Ukiwa porini, au ufukweni, au juu ya kilima, ukasikia jina lako, usiitike. Ngoja. Binadamu atakuita mara tatu. Hao wengine hawana subira, huita mara moja, ikizidi mbili, na ukiwaitika wamekupata.

"Hata ukisikia sauti yangu mie," alikuwa akiniambia, "usiitike mpaka ya tatu."

Nilikuwa mtoto mwoga. Neno hilo nililishika kuliko nilivyoshika sala.

Sasa tuje kwenye ubaya wangu. Baba alipofariki nilikuwa Unguja, na mazishi sikuyawahi. Boti ilikuwepo asubuhi ile. Sikuipanda, kwa sababu nilikuwa na usaili wa kazi, nikasema nitakwenda na ya kesho yake. Nilipofika, baba ameshalala kaburini. Dada Riziki akanisema matangani, mbele ya watu waliojaa: "Baba kazikwa na watu baki. Mwanawe wa kiume kenda kutafuta kazi." Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana liliniuma. Niliondoka siku ile ile, hata hitima sikungoja. Miaka minne sikurudi wala sikupiga simu, na yeye hakupiga. Wapemba tukinuna, tunanuna kweli.

Kisha Dada akapatwa na kiharusi. Shangazi yetu Bi Saumu, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, akanipigia simu.

"Mwanangu, dadaako kapooza upande mzima. Na kauli ndiyo yapotea. Njoo mtakane radhi angali hai."

Unajua nilijibu nini? Nilisema nitakuja shule zikifungwa. Zilifungwa baada ya wiki saba.

Siku hiyo nilishuka Mkoani, nikapata gari mpaka Chake, na nyingine mpaka njia panda ya kwetu. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Kutoka pale kuna njia mbili. Moja inazunguka kwenye mihogo, nyingine inapanda kilima na kuteremkia upande wa pili, baharini, ambako ndiko nyumbani. Njia ya kilima ni fupi. Nikaishika hiyo, nikijiambia naharakisha.

Uongo. Nilipofika juu nilikaa kitako. Nilikuwa naogopa. Ningeingiaje chumbani kwa mtu niliyemnunia miaka minne, na nimwambie nini? Nikajidanganya kwamba nataka kutazama mandhari kidogo, kwa kuwa ni siku nyingi sijaiona.

Na mandhari ile, Wallahi, ilikuwa ya kumsahaulisha mtu alichokuja kufanya. Maji yalikuwa yamekupwa. Vijiti vya mashamba ya mwani vimesimama mistari mistari mchangani, na wanawake wawili wanarudi pwani na magunia kichwani. Nyuma yao mwamba, mawimbi yanavunjika meupe, na baada ya hapo bahari tupu mpaka inapogusana na mbingu. Upande wa kusini moshi wa tanuu la chokaa ulikuwa unapanda polepole. Nikigeuka nyuma naona minazi, bonde la mpunga, na mbali sana nguzo za taa za uwanja wa Gombani. Na chini kabisa, karibu na ufukwe, bati la nyumba yetu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Bati nililiona, kuteremka ni dakika kumi tu, na mimi nikatoa simu nipige picha.

Nilipobonyeza tu, nikaitwa.

Ni jina langu la utotoni, ambalo sitalitaja hapa, na ambalo aliyebaki kuniita ni Dada Riziki peke yake. Sauti ilitoka nyuma yangu, karibu, na ilikuwa yake. Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa ile ya zamani, ya kuniita nije nile. Niamini, kinywa kilishafunguka niitike. Nikakifunga. Moja, nikahesabu.

Nikageuka. Alikuwa amesimama njiani, hatua kama kumi kutoka nilipokaa. Amejifunga kanga moja na nyingine ameitanda kichwani, kama alivyokuwa akienda kisimani. Amesimama wima kwa miguu yake miwili. Mtu aliyepooza upande mzima! Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri lile lile nililofundishwa, kwamba wamechukua umbo lake.

Akaniita tena. Mbili. Kisha akanyamaza, akawa ananitazama kwa uso wa mtu anayengojea jibu. Nikaingojea ya tatu. Haikuja.

Basi nikafanya alichonifundisha yeye mwenyewe. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, kwa sauti. Shetani hastahimili aya hiyo, hukimbia. Yeye hakukimbia. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasoma pamoja na mimi, neno kwa neno. Kuna pahala katikati ya aya huwa najikwaa tangu utotoni. Nikajikwaa palepale, naye akasita, akaningoja mpaka nikapata, tukaendelea.

Jamani, shetani gani huyo anayemngoja mtu apate aya? Nilipaswa kujua pale pale. Nilijua, nadhani, ila woga ulikuwa mkubwa kuliko kujua.

Tulipofika mwisho alinitazama kidogo, bila hasira, kisha akaanza kuteremka kuelekea nyumbani. Ilibidi anipite. Alinipita karibu, kiasi cha mkono kunyooka, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka nywele. Nikafumba macho. Ndiyo, nilimfumbia macho. Nilipoyafumbua njia ilikuwa tupu, na wale wanawake wa mwani walikuwa hata hawajafika nchi kavu.

Nikateremka. Nilipoikaribia nyumba niliona viatu vingi mlangoni. Viatu vingi mlangoni kwa mgonjwa, mtu haambiwi. Bi Saumu alitoka, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, ulikuwa wapi? Dadaako katutoka."

"Saa ngapi, Shangazi?"

"Saa kumi na moja kasoro dakika tano, saa ya ukutani nliitazama mie mwenyewe. Na kakwita! Kauli ilokuwa haitoki mwezi mzima, ikatoka safi. Kakwita jina lako la kitoto, kanyamaza kama angojea. Kakwita tena. Nkamwitikia mie badala yako, lakini si mie alomtaka."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kisha midomo ikawa yacheza. Nkadhani shahada, nkatega sikio. Kumbe asoma Ayatul Kursiyyu! Katikati kasita, nkasema basi, roho ishatoka. Kumbe bado, kaendelea. Alipoimaliza ndipo katutoka. Ya tatu hakujaaliwa kukwita, mwanangu."

Ya kilimani sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza. Usiku ule nilitoa simu nikaitazama picha. Saa iliyoandikwa ni kumi na dakika hamsini na mbili. Tazama mwenyewe. Hawa wanawake na magunia yao, huu mwamba, hili bati. Yeye hayumo, maana alikuwa nyuma yangu, na mimi nilikuwa napiga bahari. Toa hamsini na mbili kwenye hamsini na tano. Dakika tatu, ndizo alizokuwa nazo, na alizitumia zote kwangu.

Tulimzika asubuhi. Ndugu wa kiume ni mimi peke yangu, kwa hiyo nilishuka kaburini kumpokea. Safari hii sikuchelewa. Kabla ya hapo, jeneza likiwa mbele yetu, mzee wa msikiti aliuliza kama ilivyo desturi, mnamsamehe marehemu? Watu wakajibu kwa pamoja kwamba tumemsamehe. Mimi nikajibu baada yao, peke yangu, na tena, na tena, mpaka mtu akanishika bega. Lakini kusamehe hakukuwa kazi yangu pale. Wa kusamehewa nilikuwa mimi, na mwenye msamaha huo alinifuata nao mpaka kilimani, nikamsomea aya ya kumfukuza.

Shehe mmoja, niliyemuuliza kwa kuzungukazunguka, aliniambia roho hazitembei namna hiyo, huenda yule alikuwa shetani kweli, na nilifanya sawa. Ningependa sana kumwamini. Halafu namkumbuka yule alivyosita akaningoja, nashindwa.

Siku hizi naitika kila ninapoitwa, na hata nisipoitwa. Mtu akimwita mwenzake barabarani, mimi nasema naam. Walimu wenzangu wanacheka, wanadhani masikio yangu yameanza kuharibika. Waache.

Nawe nakuambia hivi. Kama kuna mtu mmenuniana, na umeletewa habari kwamba anakutaja, nenda moja kwa moja. Usikae kitako popote kutazama chochote, hata kiwe kizuri namna gani. Na ukiitwa na sauti unayoijua, itika ya kwanza, liwe litakalokuwa. Bora wakupate hao wa porini kuliko kuishi na hili.

Kila nikenda Pemba napanda pale baada ya alasiri. Nakaa palepale, maji yakiwa yamekupwa au yamejaa, naliangalia bati letu ambalo sasa limeingia kutu. Kisha nasema kwa sauti, "Naam, Dada." Nasema mara tatu, halafu naangalia nyuma.